Ukikamatwa Marekani kesi haimalizwi kwa mjumbe (nawajibu)

Habari zenu wadau. Niko ndani ya gari hapa nje ya kazini, breki yenyewe ya mapumziko nusu saa, mtanisamehe kelele. Lile swali limekuja tena, "kaka eti ukikamatwa huko unarudishwa Bongo kesho yake?" Nilikuwa nalikwepa kwa sababu najua mtakavyosema, nikisimulia natafuta huruma, nikinyamaza najifanya Mmarekani. Basi naongea. Ila naongelea Texas ninakokaa, kila jimbo lina sheria zake za jinai, mwenye ndugu Ohio akaulize za Ohio. Na mimi sio wakili, mimi nabeba maboksi.

Mwaka juzi niligombana na jamaa niliyekuwa nakaa naye, ugomvi wa bili ya umeme, dola 140 za AC ambayo yeye ndo alikuwa anaiacha usiku kucha. Nikamsukuma kifuani, akagonga friji. Jirani akapiga 911. Kwetu hapo anaitwa mjumbe, mnakaa kwenye kochi, soda mbili, yameisha. Hapa wakaja polisi wawili, mmoja akamuuliza mwenzangu umeumia? Akasema kidogo. Hiyo "kidogo" ndo iliyonimaliza, maana Texas maumivu tu yanatosha kuwa shambulio, hawangoji damu. Halafu kwa kuwa tunakaa nyumba moja sheria yao inaliita ukatili wa kifamilia, hata kama hamna undugu. Mimi Msukuma yeye Mkamba, familia gani hiyo jamani! Kosa lenyewe ni misdimina (kundi la makosa madogo ya jinai) daraja A, hadi mwaka 1 jela na faini hadi dola 4,000.

Na wale wa "mbona hawakukusomea haki zako kama kwenye muvi", ile ilitokana na kesi ya Miranda ya 1966 na ni pale wanapotaka kukuhoji wakiwa wameshakushikilia. Mimi hawakuwa na haja ya kunihoji, nilikuwa naongea mwenyewe kama redio, "afande nilimsukuma kidogo tu", na yote yakaandikwa. Ila na kunyamaza nako usinyamaze kama bubu, sema kwa mdomo wako kwamba unatumia haki ya kukaa kimya na unataka wakili. Kuna kesi ya hapahapa Texas, Salinas, 2013, jamaa alijibu maswali mengine lakini moja akakaa kimya tu bila kutaja haki yake, ukimya ule ukatumika dhidi yake na Mahakama ya Juu ya Marekani haikumwokoa.

Sasa hela. Dhamana dola 5,000, sina, nikaenda kwa kampuni ya dhamana wakachukua asilimia 10, yaani 500, na hiyo hairudi hata ukishinda kesi. Hakimu akanipa amri ya kutosogelea nyumba siku 61, kodi ya nyumba hiyohiyo naendelea kulipa nusu, nalala kwenye sebule ya mtu. Mawakili wa kukutetea wanaolipwa na serikali wapo kwa asiye na uwezo, mimi wakaangalia kipato wakasema unajiweza. Najiweza! Na mwezi huohuo kuna mjomba kanipigia anataka hela ya bati, nikamwambia sina, akaniambia nimebadilika. Mjomba kama unaangalia, ndo nilikuwa mahakamani.

Yule jamaa tulishapatana, akaenda mwenyewe kusema kanisamehe. Mwendesha mashtaka akamwambia asante, lakini kesi si yako. Na kweli kwenye karatasi imeandikwa Jimbo la Texas dhidi yangu, kama huko mnavyoandika Jamhuri. Jimbo zima na mimi!

Mwezi wa 5 wakaniletea ofa, kubali kosa, utakaa chini ya uangalizi mwaka mmoja, ukitulia hakuna hatia. Wanaita difadi. Wakili wangu wa kesi akasema saini, nzuri hii. Nilikuwa na kalamu mkononi kabisa. Dada mmoja Mkenya pale koridoni akaniuliza, wewe una uraia? Nikasema nina grinkadi. Akasema usisaini, kamuulize wa uhamiaji kwanza. Nikalipa dola 200 za kuuliza tu, nikaambiwa jimbo likisema hakuna hatia, serikali kuu inahesabu ipo, kwa sababu umeshakubali kosa na umepewa uangalizi. Na kosa kama langu linaweza kukufukuzisha nchi. Tangu 2010, kesi ya Padilla, wakili wa jinai anatakiwa akuonye mambo ya uhamiaji, wangu hakusema neno. Labda wako atasema, sijui, kila mtu na bahati yake.

Nikakataa. Nikaenda mahakamani mara 9, kila ukifika inaahirishwa, kila mara shifti imekwenda. Mwezi wa 11 wakaifuta.

Ila fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, na hata iliyofutwa unaandika ndiyo, unaambatanisha nakala yenye muhuri wa mahakama. Yangu hii hapa, nazunguka nayo chini ya siti kwenye mfuko wa Walmart, ona imeshapata doa la chai. Ngoja, supavaiza anachungulia, breki imeisha.