Kilomita Hizo ni za Nani?

(Muziki wa kufungulia unapungua.)

ZUHURA: Kassim, kabla hujasema lolote, leo naomba heshima. Unaongea na mtu aliyepiga hatua 26,000 Jumamosi.

KASSIM: Aliyepiga nani?

ZUHURA: Mimi hapa. Simu imesema. Imenipa nyota ya dhahabu na fataki kioo kizima.

KASSIM: Zuhura, Jumamosi ulikuwa umekaa. Umekaa kutwa juu ya mgongo wa farasi wako Sultani, na Sultani mwenyewe hajapewa nyota hata ya bati.

ZUHURA: (anacheka) Haya. Wasikilizaji, mnatujua, hatuna salamu ndefu. Jumamosi tulitoka kundi zima kwa ile njia ya msituni. Tunarudi zizini, kila mtu ana namba yake. Simu yangu inasema kilomita 21.3. Mwenzetu tuliyekwenda naye kikuku kwa kikuku, yaani pale tunapokanyagia tukiwa juu ya farasi, saa yake inasema 19.8. Na huyu bwana, ambaye hakuwasha chochote, akaangalia juu kama anatafuta mwezi, akasema, “Kumi na tisa na ushei.”

KASSIM: Na ndivyo ilivyokuwa.

ZUHURA: Kwa hiyo leo nimeandaa mafunzo matatu ya kupima umbali ukiwa juu ya farasi. Nimeyaandika, karatasi hii hapa. La kwanza, setilaiti. La pili...

KASSIM: Subiri kwanza. Zile hatua zilitoka wapi?

ZUHURA: Tutafika huko.

KASSIM: Hapana, mimi nataka kujua nani alitembea.

ZUHURA: Basi sikia. Ndani ya simu kuna kifaa kinachohisi mtikisiko. Kikiona mtikisiko unaojirudia kwa mpangilio, kinasema huyu anatembea. Farasi akienda mwendo wa matiti, yaani ule wa kati ya kutembea na kukimbia, anakurusha kwenye tandiko, tup, tup, tup, simu mfukoni inaona hatua. Halafu inazidisha kwa urefu wa hatua ya binadamu, kama sentimita 70 hivi, kukupa umbali. Umbali huo hauna maana yoyote, kwa sababu farasi akitembea taratibu tu, kutoka ukwato mmoja unapogusa chini hadi unapogusa tena ni kama mita moja na robo tatu.

KASSIM: Kwa hiyo nyota ni ya Sultani.

ZUHURA: Nyota ni ya wote. Mimi nilikuwa nasimama na kukaa kwenye vikuku muda wote huo! Mapaja yangu yanajua.

KASSIM: Mpelekee angalau karoti yenye umbo la nyota.

ZUHURA: Setilaiti, Kassim. Tulikuwa kwenye setilaiti. Simu inapata mahali ulipo kutoka setilaiti: haikuoni ukienda, inakuona ulipo. Inaweka nukta, inasubiri, inaweka nyingine, inaziunganisha kwa mstari ulionyooka. Kwenye njia ndefu si neno. Uwanjani ndiyo balaa. Chukua duara lenye upana wa mita 20, lile tunalozungushia wanafunzi. Ukilizunguka mara moja ni karibu mita 63. Simu ikiweka nukta tatu tu kwenye mzunguko huo, haioni duara, inaona pembetatu, na inakuandikia mita 52.

KASSIM: Umeibiwa mita 11 kila mzunguko.

ZUHURA: Na msituni ni kinyume. Majani na miti inavuruga mawimbi, nukta inaruka mita kadhaa kushoto, kadhaa kulia, simu inadhani unapepesuka kama mlevi. Hata mkisimama kunywesha farasi maji, nukta inaendelea kutangatanga pale pale na kila kuyumba kunajumlishwa. Mimi sikubonyeza kusitisha, mwenzetu alibonyeza. Sehemu kubwa ya tofauti yetu nadhani ni hiyo.

KASSIM: Sasa ona saa yangu ya mkono. Haitangitangi. Askari wapanda farasi wa Marekani walifundishwa hivi: kutembea ni maili 4 kwa saa, matiti maili 8, shoti ya wastani, yaani mbio, maili 12. Maili moja ni dakika 15, saba na nusu, tano. Jumamosi tulitembea saa mbili, maili 8. Matiti nusu saa, maili 4. Jumla 12. Geuza uwe kilomita: 19 na ushei. Mwezi sikuuangalia.

ZUHURA: Maili 4 kwa saa ni za farasi gani? Sultani ukimwacha anatembea kama anakwenda kulipa deni.

KASSIM: Ndiyo maana unampima mwenyewe kwanza, kwenye kilomita moja unayoijua...

ZUHURA: Hilo ni funzo la tatu! Usinichomolee. Na katika hizo saa mbili zako, umehesabu na ule mteremko?

KASSIM: Mteremko upi?

ZUHURA: Ule wa mawe, tuliposhuka sote tukawaongoza farasi kwa hatamu. Karibu kilomita mbili.

KASSIM: Nimehesabu, kwa nini nisihesabu?

ZUHURA: Kwa sababu hukuwa juu ya farasi. Swali ni umepanda umbali gani. Ukishuka, hujapanda. Ni Kiswahili chepesi tu.

KASSIM: Farasi alikwenda au hakwenda?

ZUHURA: Alikwenda. Wewe ulikuwa mtembea kwa miguu mwenye rafiki mkubwa.

KASSIM: (anacheka) Sikiliza basi. Mashindano ya Tevis Cup kule California, tangu 1955. Maili 100, kilomita 160, farasi mmoja, ndani ya saa 24. Kuna makorongo, na watu wanashuka, wanakimbia pembeni ya farasi wao. Akimaliza, utamwambia amepanda maili 93?

ZUHURA: Nitamwambia amemaliza maili 100. Kumaliza si kupanda. Kanuni zao zinaruhusu kushuka, sawa, ila mimi ninapojaza daftari langu nataka kujua nilikaa kwenye tandiko umbali gani, maana hicho ndicho ninachokifanyia mazoezi.

KASSIM: Daftari si lako, ni la farasi! Tunapima ili kujua miguu yake imebeba nini, lini apumzike. Miguu ya Sultani haijali kama ulikuwa juu au chini.

ZUHURA: Inajali sana! Uliza mgongo wake.

KASSIM: Mgongo ni uzito. Sisi tunaongelea umbali.

ZUHURA: Haya, tukaone mashindano ya farasi ya Mongol Derby. Kilomita 1,000 hivi Mongolia, tangu 2009. Mpandaji anabadilisha farasi kila baada ya kilomita 40 hivi. Kwa hesabu yako ya farasi, hakuna aliyekwenda mbali pale, kuna farasi wengi tu waliotoka matembezi. Lakini kuna mtu amekwenda 1,000. Nani? Mpandaji. Umbali ni wake.

KASSIM: Umbali wa safari ni wake. Daftari la kila farasi linasema 40.

ZUHURA: Kwa hiyo kuna madaftari mawili.

KASSIM: Kuna daftari moja, la farasi, na kuna majigambo.

ZUHURA: Wewe!

KASSIM: Msafiri mmoja, Aimé Tschiffely, alitoka Buenos Aires 1925 na farasi wawili, Mancha na Gato, akafika New York 1928. Mmoja amebeba mtu, mwingine mizigo, wanapokezana. Kwa kanuni yako, farasi anayebeba mizigo siku hiyo ameandikiwa sifuri?

ZUHURA: Mimi sijasema farasi. Nimesema mpandaji. Unanihamishia goli.

KASSIM: Goli liko palepale.

ZUHURA: Sikubali, Kassim.

KASSIM: Wala mimi.

(Kimya kidogo.)

ZUHURA: Fundi wa sauti anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili! Na karatasi yangu bado ina funzo la pili na la tatu.

KASSIM: Na kuna msikilizaji aliuliza kama milima inaongeza umbali ambao ramani haiuoni. Kidogo mno. Ukipanda mita 10 kwa kila mita 100 za ramani, unaongeza nusu mita. Kinachoongeza ni njia kujipinda.

ZUHURA: Ambalo ndilo funzo la pili, ramani na uzi. Laza uzi juu ya kila kona ya njia, unyooshe, usome kwenye kipimo cha ramani. Ramani ikiwa ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita moja. Basi, limekwisha. La tatu halina muda.

KASSIM: Linao. Pima kilomita moja barabarani, mpitishe farasi wako akitembea, kisha matiti, andika dakika. Rudia siku nyingine, maana akielekea nyumbani anaongeza mwendo. Na uwe juu yake, kwa uzito wako wa kawaida.

ZUHURA: Uwe wapi?

KASSIM: Hiyo ni kupima mwendo. Umbali ni jambo jingine.

ZUHURA: Uwe juu yake, amesema! Mmemsikia?

KASSIM: Zuhura, usinikatie sentensi, nilikuwa na...

(Muziki wa kufungia.)