Kabla ya Kuisaidia Shule, Iulizeni Inahitaji Nini

Ndugu zangu watazamaji, nawasalimu kutoka hapa Marekani. Wengi wenu mmeniuliza kwa nini wazazi na majirani wa huku huingia katika shule za umma kufanya kazi bila malipo, ilhali shule hizo huendeshwa kwa kodi na zina walimu walioajiriwa. Leo nitawajibu kwa kirefu, kwa kuwa naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyoonekana kwa nje.

Shule ya umma huku iko chini ya wilaya ya elimu, na wilaya nyingi husimamiwa na bodi ambayo wajumbe wake huchaguliwa kwa kura na wakazi wa eneo hilo, wakiwemo wasio na watoto shuleni. Desturi ya wazazi kujipanga pamoja nayo ni ya siku nyingi. Chama cha wazazi na walimu kinachojulikana kama PTA kilianzishwa Washington mwaka 1897 na Alice McLellan Birney na Phoebe Apperson Hearst. Mwaka 1926, Selena Sloan Butler akaanzisha chama cha kitaifa cha wazazi na walimu Weusi, ambao watoto wao walikuwa wametengwa katika shule zao, na vyama hivyo viwili havikuungana hadi mwaka 1970.

Watu wengi wakisikia habari ya kujitolea hufikiria michango na sherehe. Kwa maoni yangu, kazi yenye manufaa zaidi ni ile ndogo inayorudiwa kila wiki, kama vile kukaa na mtoto wa darasa la pili anaposoma kwa sauti, ukamwacha alihangaikie neno gumu mpaka alitamke mwenyewe. Mwalimu mwenye darasa zima mbele yake hawezi kumpa kila mtoto dakika hizo. Ndiyo maana nawasihi wanaotaka kujitolea wasiahidi siku wasizoweza kuzitimiza, kwa sababu mtoto aliyekwisha kukuzoea huumia unapokoma kuja bila kumuaga.

Hakuna anayeingia darasani hivi hivi. Kwa kawaida utajaza fomu, utachunguzwa kama umewahi kupatikana na hatia ya uhalifu, na mahali pengi utachukuliwa alama za vidole. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni usumbufu, lakini mimi nauunga mkono kwa moyo wote, maana usalama wa mtoto hautegemei sura njema ya mgeni. Tena, utakayoyajua kuhusu udhaifu wa mtoto katika masomo hutakiwi kuyatoa nje, na kumbukumbu zake za shule zinalindwa na sheria ya mwaka 1974.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna nafasi ya pekee, kwa kuwa shule nyingi za huku zimepokea watoto wa wakimbizi kutoka Kongo wanaoielewa lugha yetu kabla hawajaielewa ya mwalimu. Tunaweza kumkaribisha mzazi mgeni na kumweleza ratiba ya siku. Hata hivyo, katika kikao rasmi kuhusu nidhamu au mahitaji maalumu ya mtoto, shule yenyewe ndiyo yenye wajibu wa kumpatia mzazi mkalimani aliyefunzwa, na mtu wa kujitolea asikubali kuwa kisingizio cha kuukwepa wajibu huo.

Kuhusu ushirikiano wa shule na makanisa, misikiti, vyuo au makampuni, sharti la kwanza ni kumsikiliza mwalimu mkuu kabla ya kuleta chochote. Shule inaweza kupewa kompyuta wakati ilichokosa ni mtu wa kufungua maktaba baada ya masomo, na kompyuta hizo zikabaki stoo kwa sababu hakuna aliyepangiwa kuzitunza. Ni vyema makubaliano yaandikwe, yakitaja nani atasimamia kazi, itafanyika siku zipi, na nani ataiendeleza fedha za mfadhili zitakapokwisha. Wazazi nao wawepo tangu mwanzo. Sheria ya elimu ya shirikisho ya mwaka 2015 inaitaka wilaya inayopokea zaidi ya dola 500,000 za mfuko wa shule zenye watoto maskini itenge angalau asilimia 1 kwa ajili ya kuwashirikisha wazazi, na wazazi hao washirikishwe katika kuamua matumizi ya fedha hizo.