Enka ikiteguka, kisu kinakuja lini?

Haya jamani makocha, na nyie wachezaji mlioko huko nyuma sogeeni, hii maiki haifiki mbali. Nikikutana na watu wa mpira swali ni lile lile, dokta si unipasue tu yaishe? Kwa enka nyingi zilizoteguka, yaani vifundo vya mguu, hapana.

Mguu ukipinda kwa ndani zinazoumia ni ligamenti, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, za upande wa nje, ziko tatu, na ya mbele ndo dhaifu kuliko wenzake kwa hiyo inatangulia kuchanika. Hata ikichanika yote wengi wanapona bila kisu, unaifunga vizuri, unafanya mazoezi ya kusimama mguu mmoja, unaimarisha misuli. Ile ya kumkanda mtu kwa nguvu na maji ya moto siku hiyo hiyo acheni, mnamuongezea uvimbe tu. Ligamenti za juu, zinazoshika mifupa miwili ya muundi pamoja, hizo ni kesi nyingine, mifupa ikiachana hatusubiri.

Anayefika mezani kwetu ni yule miezi imepita, mazoezi kafanya kwelikweli, bado akigeuka kidogo tu chini. Huyo tunamfanyia kile alichoandika daktari Mswidi Broström mwaka 1966, ligamenti yake mwenyewe iliyolegea tunaikaza na kuishona upya kwenye mfupa, na 1980 daktari mwingine, Gould, akaongeza kuvuta utando mgumu wa hapo jirani kuja kuishikilia. Ikiwa ligamenti imeisha kabisa ndo tunatafuta kano, ile kamba inayounga msuli na mfupa, yake mwenyewe au ya marehemu aliyejitolea.

Sasa mcheki Stephen Curry, yule wa mpira wa kikapu Marekani. Mei 2011 alipasuliwa enka ya kulia kurekebisha ligamenti, msimu uliofuata ikaendelea kumtesa, akacheza mechi 26 tu. Aprili 2012 akarudi tena mezani, na daktari Richard Ferkel aliingia na kamera akiwa tayari hata kuweka kano ya marehemu ikibidi, kumbe ligamenti ziko poa, akasafisha makovu na vipande vilivyokuwa vinaelea mle ndani, akatoka. Watu wanasema opresheni ndo ilimuokoa. Mimi nasema nusu tu, maana baada ya hapo walimfundisha upya kutumia nguvu ya nyonga akigeuka ili enka isibebe mzigo wote, na hiyo kazi haionekani kwenye eksirei. 2015 na 2016 akawa MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani.

Muda je? Neymar alipopasuliwa enka Doha Machi 2023, klabu yake wakati huo, PSG, walitangaza miezi 3 mpaka 4, na yule alikuwa na fizio, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, kila siku. Wewe wa ndondo, kabla hujasaini fomu ya upasuaji uliza nani atakusimamia mazoezi, mara ngapi kwa wiki na shilingi ngapi, maana nimeona wengi plasta inatoka Ijumaa, Jumapili mtu yuko uwanjani. Haya maswali, mama pale nimeona mkono, karibu.