Kiashiria Kinajibu Swali Gani? Mhadhara Kuhusu Vipimo vya Figo kwa Watoto

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, madaktari na wauguzi wenzangu, wataalamu wa maabara, na wazazi mliofika jioni hii, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie viashiria vya kibiolojia kwa watoto wenye ugonjwa wa figo na kwa wale waliopandikizwa figo, yaani vitu vinavyopimika katika damu au mkojo na vinavyotupa habari za kiungo tusichoweza kukiona. Orodha ya vitu hivyo ni ndefu na kila mwaka inaongezeka, nami sikusudii kuipitia yote. Ninachotaka kukitetea hapa ni hoja moja tu: kiashiria hakina maana mpaka tujue kinajibu swali gani, na kimetoka katika mwili wa ukubwa gani.

Nianze na kriatinini, kwa sababu ndiyo tunayoitegemea kila siku na ndiyo inayotupotosha mara nyingi zaidi. Kriatinini huzalishwa na misuli na kutolewa na figo, kwa hiyo kiwango chake katika damu huakisi mambo mawili kwa pamoja, wingi wa misuli na uwezo wa figo, na mtoto mdogo ana misuli kidogo sana. Chukueni watoto wawili waliopimwa asubuhi moja, wote majibu yao yakawa maikromoli 80 kwa lita, kiwango ambacho fomu ya maabara iliyoandaliwa kwa vigezo vya watu wazima haitakiwekea alama yoyote. Mmoja ana miaka 3 na urefu wa sentimita 95. Mwingine ni kijana wa miaka 16 mwenye urefu wa sentimita 175. Kwa kanuni ya Schwartz, iliyotolewa mwaka 1976 na kurekebishwa mwaka 2009, tunazidisha urefu kwa 36.5 kisha tunagawanya kwa kriatinini, na tunapata makadirio ya kasi ya uchujaji kwa mililita kwa dakika, kwa kila mita 1.73 za mraba za eneo la mwili. Kijana anapata takriban 80. Yule mdogo anapata 43, maana yake amekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa kuchuja huku karatasi aliyopewa mama yake ikionyesha kwamba hana tatizo. Ndiyo maana nasisitiza, hata nikionekana msumbufu, kwamba urefu wa mtoto upimwe siku hiyo hiyo na uandikwe juu ya fomu, maana pasipo urefu jibu la kriatinini ya mtoto ni nusu ya jibu.

Na ile 80 ya kijana nayo isipokelewe kijuujuu. Ikiwa ni mwanamichezo aliyejenga misuli, huenda figo zake ni nzima kabisa na kriatinini imepanda kwa sababu ya misuli hiyo tu. Hapa ndipo sistatini C inapotufaa, kwa kuwa protini hii ndogo hutengenezwa na karibu kila seli yenye kiini na haifuati wingi wa misuli. Inamfaa pia mtoto aliyedhoofu, aliyepooza au mwenye maradhi ya misuli, ambaye kriatinini yake hubaki chini hata figo zikiwa zinaelekea kushindwa. Inamfaa vilevile mtoto mchanga, kwa sababu kriatinini ya siku zake za kwanza ni ya mama yake iliyopita kwenye kondo, ilhali sistatini C ya mama haivuki kwa kiasi cha maana. Lakini nayo ina kasoro zake: dawa za steroidi huipandisha, na tezi ya shingo inapofanya kazi kupita kiasi huipandisha pia, na watoto waliopandikizwa figo wengi wao wako kwenye steroidi. Kwa hiyo hatukupata mbadala wa kriatinini. Tulichopata ni shahidi wa pili, na mashahidi hawa wawili wasipokubaliana ndipo daktari anapopaswa kuuliza kwa nini.

Vyote viwili vinatuambia figo inachuja kiasi gani. Havituambii kama imeumia sasa hivi, na hilo ni swali jingine kabisa. Mwaka 2005, watafiti wa Cincinnati walichapisha matokeo ya watoto 71 waliofanyiwa upasuaji wa moyo kwa kutumia mashine inayochukua kazi ya moyo na mapafu. Watoto 20 kati yao walipata jeraha la ghafla la figo. Kriatinini ilichukua siku moja hadi tatu kulionyesha, lakini protini iitwayo NGAL, inayotolewa na vifereji vya figo vinapojeruhiwa, ilikuwa imepanda kwenye mkojo ndani ya saa mbili. Matokeo hayo yalitia watu matumaini makubwa, na kwa haki, ingawa upasuaji ni mazingira mepesi kuliko wodi: unajua saa ambayo jeraha limetokea. Mtoto mwenye sepsisi, yaani maambukizi makali yaliyouzidi mwili, hana saa hiyo, na NGAL hutolewa pia na chembe nyeupe za damu, hivyo maambukizi peke yake huweza kuipandisha. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha NGAL kwa wagonjwa wa miezi 3 hadi miaka 21 walioko katika uangalizi maalumu mwezi Desemba 2023 tu, miaka 18 baada ya utafiti ule. Mimi naona ucheleweshaji huo haukuwa uzembe.

Kuhusu protini katika mkojo nitasema kwa ufupi. Mkojo upimwe ule wa kwanza wa asubuhi, kwa sababu wapo vijana wenye afya ambao protini huonekana kwenye mkojo wao baada ya kusimama kwa saa kadhaa na kutoweka wanapolala. Nimeona vijana wa namna hiyo wakiandikiwa uchunguzi mzito kwa ajili ya sampuli iliyochukuliwa saa tisa alasiri. Jambo jipya kweli katika eneo hili ni kingamwili dhidi ya nefrini, protini inayoshikilia kichujio cha figo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulizikuta kwa takriban asilimia 90 ya watoto wenye sindromu ya nefrotiki (ugonjwa ambao figo huvujisha protini nyingi na mwili huvimba) iliyo hai ambao walikuwa hawajaanza dawa za kupunguza kinga. Kwa ugonjwa ambao kwa miongo mingi tumeutibu bila kujua nini hasa kinachoushambulia mwili, hiyo ni hatua kubwa, kwa kuwa kiashiria hiki kinagusa chanzo chenyewe.

Sasa nije kwa watoto waliopandikizwa. Kwao swali ni gumu zaidi: je, mwili unaishambulia figo iliyopandikizwa kabla haijaonyesha udhaifu? Jibu la uhakika hutokana na biopsi, yaani kipande kidogo cha figo kinachochukuliwa kwa sindano na kusomwa kwa vigezo vya kimataifa viitwavyo Banff, lakini kumchoma sindano mtoto wa miaka 4 kunahitaji kumlaza usingizi, na hakuna mzazi atakayekubali lifanyike kila mwezi. Kriatinini hapa hudanganya kwa njia ya pekee. Mtoto mdogo aliyepewa figo ya mtu mzima ana akiba kubwa ya uchujaji kuliko mahitaji yake, na sehemu kubwa ya figo hiyo inaweza kuharibika kabla kriatinini haijasogea.

Kwa sababu hiyo watu wameelekea kwenye vipande vya DNA vya mtoaji vinavyoelea katika damu ya mpokeaji. Seli za figo zikifa, DNA yake humwagika, na maabara hueleza ni asilimia ngapi ya vipande vyote imetoka kwa mtoaji. Kwa watu wazima asilimia 1 imetumika sana kama mpaka wa wasiwasi. Angalieni hata hivyo kwamba asilimia ni mgawanyo. Figo kubwa katika mwili mdogo huongeza sehemu ya juu, yaani DNA ya mtoaji, na homa kali inayovunja seli nyingi za mtoto mwenyewe huongeza sehemu ya chini, yaani vipande vyote, kisha jibu linashuka pasipo figo kupata nafuu yoyote. Kemokini, yaani protini zinazoita seli za kinga, ziitwazo CXCL9 na CXCL10, zinazopimwa kwenye mkojo bila sindano, huonyesha kwamba seli T, askari wa kinga, zinaitwa kwenye figo. Hupanda vilevile kwa maambukizi ya njia ya mkojo na kwa virusi vya BK, vinavyoweza kuishambulia figo iliyopandikizwa kinga inaposhushwa, na hapo ndipo hatari ilipo: kukataliwa kwa figo hutibiwa kwa kuongeza dawa za kupunguza kinga, na virusi vya BK hutibiwa kwa kuzipunguza. Kipimo kisichotofautisha hayo mawili kisitumike peke yake kuamua dozi.

Namalizia na kiashiria ambacho tayari kiko ndani ya mafaili yetu. Kiwango cha takrolimasi, dawa ya kupunguza kinga ili figo isikataliwe, hupimwa kila kliniki, na tabia yetu ni kutazama jibu la leo tu. Yapangeni majibu ya miezi sita kwa mfuatano, muone yanavyoyumba. Kuyumba sana kunahusishwa na kukataliwa kwa figo na kuipoteza, na balehe ndio wakati ambapo jambo hili hutokea zaidi. Kabla ya kumtuhumu kijana kwamba anaruka dawa, ondoeni sababu nyingine: kuhara hupandisha kiwango, erithromaisini na baadhi ya dawa za fangasi hukipandisha pia, rifampisini hukishusha sana, na sampuli iliyochukuliwa baada ya kumeza dozi ya asubuhi haina thamani. Zikishaondoka hizo, mwombeni mzazi atoke chumbani kidogo, kisha mwulizeni kijana ni dozi ipi kati ya mbili za siku inayomshinda. Mara nyingi ni ile ya jioni, na ipo aina ya takrolimasi inayomezwa mara moja tu kwa siku.