Ateri Hutoka, Vena Hurudi: Mhadhara wa Marudio ya Baiolojia, Kigoma

Marahaba, kaeni. Kwenye beseni hili kuna moyo wa ng'ombe ulionunuliwa buchani leo asubuhi, na kwenye sinia kuna samaki wawili, migebuka wa Kibirizi. Tutawafikia. Kwanza fungueni madaftari, kila mmoja ajibu peke yake bila kuchungulia kwa jirani: ateri ni nini?

Najua wengi mmeandika kwamba ateri ni mshipa unaobeba damu yenye oksijeni. Futeni. Hilo ni jibu la kukariri rangi, kwa sababu kitabuni ateri imechorwa nyekundu na vena imechorwa bluu. Ateri ni mshipa unaoitoa damu moyoni. Vena ni mshipa unaoirudisha damu moyoni. Oksijeni haimo kabisa katika maana hiyo. Ateri ya mapafu hutoka moyoni na damu iliyopungukiwa na oksijeni, vena ya mapafu hurudi na damu iliyoshiba oksijeni, na mtahini anaijua mitego hiyo miwili kama anavyolijua jina lake. Halafu damu ya bluu haipo kwa binadamu. Yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa, isiyo nayo ni nyekundu iliyokoza.

Kwa hiyo leo hatukariri rangi. Tunafuata njia.

Treni ya Reli ya Kati ikitoka hapa hupita Tabora hadi Dar es Salaam, kisha hurudi juu ya reli ileile. Kwa karne nyingi matabibu walidhani damu nayo iko hivyo, yaani inatengenezwa kwenye ini, inakwenda na kurudi katika mishipa, kisha mwili unaila ikaisha. Ndiyo yaliyokuwa mafundisho ya Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya pili. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akayapindua kwa hesabu, na hesabu hiyo mnaweza kuifanya wenyewe. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo hutoa kama mililita 70. Zidisha: mililita 4,900, karibu lita tano kwa dakika. Kwa siku nzima ni lita 7,056, yaani mapipa 35 ya lita 200. Ni ini gani litatengeneza mapipa 35 ya damu kwa siku, na ni chakula gani kitatosha? Damu yote mwilini ni kama lita tano tu. Basi ni lazima iwe ileile inayozunguka. Harvey hakuona mahali ateri zinapokutana na vena, maana mishipa inayoziunganisha, yaani kapilari, ni myembamba mno kwa macho. Mtaliano Marcello Malpighi ndiye aliyeziona kapilari mwaka 1661, kwa hadubini, kwenye mapafu ya chura.

Sasa moyo wenyewe. Mkiununua kwa ajili ya jaribio, mwambieni mwenye bucha mapema, kwa sababu mambo mawili huharibika. La kwanza, anakata mirija ya juu ili ubaki mnofu mtupu, nanyi mnaitaka hiyo mirija, walau sentimita tano. La pili, mtaukuta una mikato tayari. Hiyo ni kazi ya mkaguzi wa nyama, hupasua moyo kuangalia vifuko vya lava wa tegu, ambao hupenda kukaa kwenye misuli inayofanya kazi sana. Mikato hiyo haiharibu somo mradi mirija ipo. Osheni kwa maji ya baridi, toeni mabonge ya damu kwa kidole, vaeni glavu au mifuko ya nailoni mikononi.

Upande upi ni kushoto? Hapa ndipo michoro mingi inapoharibikia. Moyo ulio kwenye karatasi unakutazama, kwa hiyo kushoto kwake kuko kulia kwako, kama mtu aliyesimama mbele yako. Kwenye beseni usibahatishe, minya. Upande mgumu kama kiganja kilichokunjwa ngumi ni ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini kinachosukuma damu. Upande unaobonyea kama puto lililopungua upepo ni ya kulia. Ncha ya chini ni ya ventrikali ya kushoto. Ukikata na kupima kuta kwa rula utakuta ya kushoto ina unene wa karibu mara tatu ya ile ya kulia. Sababu ni safari: ya kulia inasukuma damu mpaka mapafuni, hapo jirani, na ya kushoto inasukuma mpaka kwenye kidole gumba cha mguu na juu kichwani. Mkiulizwa "kwa nini ukuta wa kushoto ni mnene", msiishie kusema una misuli mingi. Semeni inasukuma kwenda wapi na kwa shinikizo gani. Alama iko hapo.

Tazameni mirija. Huu mnene, wa rangi ya maziwa, unaobaki na mdomo wazi hata nikiuachia, ni aota, ateri kuu ya kwenda mwilini. Hii inayolala kama mfuko mtupu ni vena kava, vena kuu ya kutoka mwilini. Ukuta wa ateri una misuli na nyuzi za kunyumbuka kwa sababu unapokea pigo la moyo moja kwa moja. Ukuta wa vena ni mwembamba, nafasi ya ndani ni kubwa, shinikizo ni dogo, ndiyo maana vena za miguuni zina vali za kuzuia damu isirudi chini.

Sasa namimina kikombe cha maji ndani ya aota. Mnaona? Maji yamesimama. Vipande vitatu vya vali ya nusu mwezi vimejaa kama mifuko na kugusana. Kiwango cha maji kinashuka polepole, lakini si kwa sababu vali imetoboka. Juu kidogo ya vali kuna vitundu viwili, navyo ndivyo vinywa vya ateri za moyo wenyewe, zile zinazoulisha msuli wa moyo. Moyo haunywi damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Una mabomba yake, na yakiziba, sehemu ya msuli hufa hata kama vyumba vimejaa damu pomoni.

Kisu kinaingia kwenye aota na kushuka hadi nchani. Kikigonga kitu kigumu karibu na mzizi wa aota msishtuke, ng'ombe ana kifupa hapo, binadamu hana. Ndani mnaona nyuzi nyeupe zinazotoka ukutani kwenda kwenye vali ya baikaspidi, yenye vipande viwili. Wengi huandika kwamba nyuzi hizi zinavuta vali ifunguke. Sivyo. Vali hufunguka na kufungwa kwa msukumo wa damu yenyewe. Nyuzi kazi yake ni kuzuia vali isipindukie kwenye atria, chumba cha juu, wakati ventrikali inabana, kama mwavuli unavyopinduliwa na upepo wa masika. Upande wa kulia vali ya namna hiyo ina vipande vitatu, ndiyo trikaspidi.

Njia, kwa pumzi moja, iandikeni kwa mishale: vena kava, atria ya kulia, trikaspidi, ventrikali ya kulia, ateri ya mapafu, kapilari za mapafu, vena ya mapafu, atria ya kushoto, baikaspidi, ventrikali ya kushoto, aota, mwili, vena kava. Mtu akiwa amepumzika, mzunguko huo wote huchukua kama dakika moja. Ukihesabu utaona tone moja limepita moyoni mara mbili, na huo ndio mzunguko maradufu.

Wa mara moja tu ni huyu hapa. Mgebuka msimfungue tumboni kutafuta moyo, hamtaupata. Mlazeni chali, kateni chini ya koo, kati ya matamvua. Hiki kidogo chekundu ndicho. Kina atria moja na ventrikali moja, vyumba viwili. Hii bonge nyeupe mbele yake hudanganya watu wakaandika vitatu, kumbe ni mwanzo tu wa mshipa mkubwa uliotanuka. Damu hutoka moyoni, hupita kwenye matamvua, kisha inaendelea mwilini bila kurudi kwanza kusukumwa upya. Ikishapenya kwenye kapilari za matamvua shinikizo limepungua, kwa hiyo mwilini inakwenda taratibu. Samaki hilo linamtosha, maana hahitaji kupasha mwili joto kama sisi na maji yanambeba uzito. Oksijeni yenyewe ziwani haipo kila mahali. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, lakini oksijeni inapatikana tabaka la juu tu, mita 100 hadi 200 hivi, na chini ya hapo hakuna samaki. Chura ana vyumba vitatu. Mamba ni mtambaazi, lakini ana vinne, na mtahini anapenda kumuuliza kwa sababu hiyo.

Damu yenyewe nitaipita haraka, mnaijua. Plazma, yaani majimaji ya damu, asilimia 55 hivi, chembe 45. Chembe nyekundu zina umbo la sahani iliyobonyea pande zote mbili, hazina kiini, huishi siku 120 hivi. Kukosa kiini kunaacha nafasi zaidi ya himoglobini inayobeba oksijeni, lakini pia kunaifanya chembe ishindwe kujikarabati. Vimelea vya malaria huingia humo, huzaliana, huipasua chembe, na vikitoka kwa pamoja ndipo homa hupanda. Upungufu wa damu unaofuata si fumbo: chembe zinapasuka kuliko uroto wa mifupa unavyoweza kuzifidia.

Mkipima mapigo, msitumie kidole gumba, kina mapigo yake nawe utahesabu ya kwako. Tumieni vidole viwili vya kati. Hesabuni sekunde 30, zidisheni kwa mbili. Baada ya kukimbia, anzeni kuhesabu papo hapo. Mkikaa kutafuta saa na kalamu, moyo umeshaanza kutulia na grafu itaanzia chini isivyo halali.

Naona mkono. Unauliza uzazi, mada yetu ya pili leo, umeingiaje hapa? Umeingia kwa mlango wa damu. Lakini turekebishe kwanza mambo mawili. Utungisho hutokea kwenye mrija wa falopio, si kwenye mji wa mimba. Kiinitete hufika kwenye mji wa mimba na kujishika ukutani siku ya sita au ya saba hivi. La pili ni hii siku ya 14 mnayoiimba. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mzunguko wa siku 28 ni siku ya 14 kweli, ila kwa wa siku 35 ni kama siku ya 21. Yai huishi hadi siku moja tu, mbegu za kiume zinaweza kufika siku tano, na mzunguko wa msichana hubadilika mwezi hadi mwezi. Anayetegemea kalenda ya ukutani anahesabu kwa makosa matatu kwa wakati mmoja.

Sasa kondo. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Zinapita jirani, zimetenganishwa na utando mwembamba, na vitu vinavuka: oksijeni, glukosi, amino asidi, kingamwili za mama, na kwa bahati mbaya pia pombe, baadhi ya dawa na baadhi ya virusi. Kwa sababu hazichanganyiki, mama wa kundi la damu A anaweza kubeba mtoto wa kundi B bila chembe zao kugandamana. Vimelea vya malaria hujikusanya kwenye kondo, chakula na oksijeni vinapita kwa shida, mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana mama mjamzito kliniki hupewa SP, dawa ya kukinga malaria, hata kama hana homa.

Kitovu kina mishipa mitatu, ateri mbili na vena moja. Upi una oksijeni nyingi? Msikimbilie. Uliza kwanza: unatoka moyoni mwa mtoto au unarudi huko? Ateri zinatoka kwake kwenda kwenye kondo, zimebeba taka na kabonidioksaidi. Vena inarudi kwake, imebeba oksijeni. Mnaona sasa kwa nini niliwafutisha ile sentensi ya kwanza.

Na mapafu ya mtoto tumboni hayapumui, kwa hiyo hakuna haja ya kuyapelekea damu yote. Kati ya atria ya kulia na ya kushoto kuna kitundu, sehemu kubwa ya damu hukatiza hapo. Akizaliwa akalia, mapafu hufunguka, damu inayorudi kushoto inaongezeka, shinikizo la kushoto linazidi la kulia, na kipande kama pazia kinabanwa juu ya kitundu. Baadaye huganda pale. Kovu lake lipo hata kwenye moyo huu wa ng'ombe. Njooni wawili wawili, mikono ivaliwe glavu. Pitisheni kidole ndani ya atria ya kulia, kwenye ukuta unaozitenganisha atria, mtakuta kibonde kidogo ambapo nyama ni nyembamba kuliko kwingine. Mkiuinua kuelekea dirishani, mwanga unaonekana upande wa pili.