Simu ya Kuzungusha: Gavana Hatiwi Mafuta

Mwangaluka wadau! Wazee wa reli mnaotazama, shikamooni. Leo tuko kibarazani kwangu hapa Isevya, Tabora, na huyu mezani ni bibi wa Kiingereza, simu ya aina ya 332, nyeusi tii. Umbo lake alilichora Jean Heiberg wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1930. Nimemtoa kwa muuza vyuma chakavu aliyeshashika nyundo, anataka shaba ya ndani. Nikamwambia kaka, weka nyundo chini, tuongee.

Kuifungua hakuna maneno: geuza, legeza skrubu za chini, nyanyua kasha. Kabla hujachomoa waya hata mmoja piga picha. Mimi nimepiga tatu.

Ona hapa chini, kuna kidroo. Kivute taratibu. Ndani kuna kadi, mtu kaandika kwa wino wa bluu: "Stesheni 14, Daktari 9". Tarakimu moja tu na umempata daktari! Kadi hii haioshwi, inarudi ilivyo.

Sasa kasha. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni, mswaki laini, ufute hapohapo. Usiloweke. Kasha hili ni bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani; siyo plastiki ya beseni, ndani ina unga wa mbao. Ngozi ya juu ikishalika inakunywa maji na kupauka. Juani pia usianike. Halafu Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, kidogo kwenye kitambaa, sugua mpaka upate harufu kama ya dawa ya hospitali. Msiogope, ndivyo bakelaiti inavyonuka ikipata joto.

Wenzetu huko wanaagiza polishi za makopo. Sisi wa Tabora tuagize polishi na nta tunayo? Yeyusha nta ya nyuki ndani ya kikopo kilichokaa kwenye maji ya moto, TOA JIKONI, peleka mbali na moto, ndipo utie tapentaini kidogo. Paka nyembamba, subiri, futa. Tazama mwenyewe, dari yangu inaonekana humo, na buibui wake.

Haya, tumefika kwenye sahani ya namba. Hapa naomba mtulie.

Ukizungusha namba na kuachia, springi inairudisha sahani, na ikirudi inakatakata mkondo wa umeme: 1 mara moja, 5 mara tano, 0 mara kumi. Mikato kumi kwa sekunde. Anayeilinda kasi hiyo ni huyu mdogo hapa, gavana. Siyo yule wa Benki Kuu. Mwanangu, sogeza kamera, unapiga kidole changu... zaidi... hapo! Vile vizito viwili vinatanuka vikizunguka, vinasugua ukuta wa kikombe, mwendo unapungua. Vinasugua. Kwa hiyo ndani ya kikombe MAFUTA HAYAINGII.

Simu yangu ya kwanza niliitia mafuta ya cherehani humo. Nilijiona fundi! Sahani ikarudi kama feni, mikato ikabanana, ukipiga tano inasomeka kitu kingine. Nikakaa jioni nzima naosha kikombe kwa spiriti na njiti ya kiberiti iliyofungwa pamba. Tone dogo la mafuta ya saa, lile la ncha ya sindano, liende kwenye ncha za mhimili. Hapa na hapa. Siyo kikombeni. Narudia: siyo kikombeni.

Na ile nati ya nyuma inayoshika springi usiiguse kama hujazoea. Ikifyatuka...

Aa! Skrubu imeanguka. Usikanyage! Kuku huyo, mfukuzeni! Sumaku? Hapana mwanangu, hii ni ya shaba, sumaku haiioni. Tutaitafuta kwa macho.

...Tumeipata, ilikuwa ndani ya kandambili yangu. Ndiyo maana siku hizi natandika kanga nyeupe chini ya meza, isipokuwa leo, kwa sababu iko kambani.

Mkonga: sauti ikikwaruza, ugonge taratibu kwa kiganja, punje za kaboni kwenye kipaza sauti zimeshikamana. Basi.

Nimerudisha sahani, skrubu imekaa. Jaribio langu halina mashine: zungusha 0, ukiachia tu tamka "elfu na moja" kwa mwendo wa kawaida. Sahani ifike nyumbani nawe umemaliza, au kidogo tu baadaye. Ikikutangulia mbali, kuna mafuta kikombeni. Ikichelewa, kuna vumbi.

Nyamazeni kidogo. Trrrrrrrr... elfu na moja. Safi! Tena. Trrrrrrrr... elfu na moja.

Kamba za simu za kusukwa kwa nyuzi ninazo, nyeusi na kahawia. Mimi binafsi napenda ya kahawia. Ukija nyumbani, kadi ya daktari nakuonyesha ila siuzi.