Mkia Uliobaki Topeni: Majina na Koo za Minyoo wa Vilindini

Mhadhara uliotolewa Dodoma kwa wanafunzi wa biolojia na maofisa wa mazingira

Ndugu zangu, habari za mchana.

Ukitaja minyoo hapa Dodoma, nusu ya ukumbi inafikiria vidonge wanavyomezeshwa watoto shuleni, na nusu nyingine inamfikiria nyungunyungu anayejitokeza kwenye shamba la mizabibu mvua ikishanyesha. Leo tumshike huyo wa pili. Mwili wake una pingili kama muwa. Mpapase kutoka mkiani kwenda kichwani, kidole kitakwaruzika kidogo: hizo ni singa, vinywele vigumu vinavyomsaidia kushika udongo. Ukikuta pingili na singa, kwa kawaida uko ndani ya faila ya Anelida, yaani lile kundi kubwa la minyoo wenye pingili. Zingatieni mambo hayo mawili, maana kwa kuyakosa wataalamu walipotea njia kwa miaka 50.

Mwaka 1914 Mfaransa Maurice Caullery alichapisha maelezo ya mnyoo mwembamba kama uzi, aliyekusanywa na meli ya Siboga katika bahari za Indonesia ya leo. Hakuwa na mdomo wala utumbo. Akampa jina la jenasi Siboglinum, jina la meli likiwa ndani yake. Vielelezo vingine vikaendelea kupatikana, na vyote vilionekana havina pingili mwilini wala kitu cha kuvifunga kwenye koo zinazojulikana. Basi minyoo hao wakajengewa faila yao peke yao, Pogonofora, na wapo waliowaweka jirani na ukoo wetu sisi wenye uti wa mgongo.

Kumbe mnyoo mzima hakuwa amefika mezani. Huyu huishi ndani ya mrija mwembamba uliozama topeni, na mkia wake ndio nanga. Wavu ukipita juu unang'oa mrija, mwili unakatika, mkia unabaki chini. Mwaka 1964 ndipo yalipochapishwa maelezo ya ncha ya nyuma ya Siboglinum, na pale, kwenye kipande kifupi sana, kuna pingili zilizopangana, kila moja na singa zake. Yaani nyungunyungu wetu yule yule, ila amevaa nguo ngeni.

Hata hivyo mjadala haukwisha siku hiyo. Mwaka 1977 wanasayansi walizamia kwenye ufa wa Galápagos, katika sakafu ya Bahari ya Pasifiki, kina cha mita 2,500 hivi, wakakuta minyoo wenye mashada mekundu, warefu hadi kumzidi mtu mzima. Mtaalamu wa minyoo Meredith Jones akawapa jina Riftia pachyptila mwaka 1981, na mwaka 1985 akapendekeza wawe na faila yao nyingine tena. Mwaka 1997 ulinganisho wa maumbile na ulinganisho wa jeni, kazi mbili tofauti, ziliwarudisha wote Anelida. Faila mbili zikashuka zikawa familia moja, Siboglinidae, na jina la familia ni lile lile la Caullery la 1914, kwa sababu la zamani ndilo lenye haki. Mimi naona hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika sheria hizi: mtu anaweza kukosea ukoo wa mnyoo kabisa, na jina alilotoa likabaki halali.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono, maana mikia inakatika hadi leo.

Chombo kinachotumika sana ni sanduku la chuma la kuchota tope, upana sentimita 50 kwa 50, yaani robo ya mita ya mraba. Linashushwa kwa kamba ya waya. Kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, kina cha mita 4,000 ni zaidi ya saa moja kwenda na nyingine kurudi, na hapo bado hujui kama mlango wake ulifunga. Hatua za mwisho lazima winchi ipunguzwe. Likitua kwa kasi, maji yanayosukumwa mbele ya sanduku hupeperusha ule utando laini wa juu, na wanyama wengi wako hapo hapo. Sentimita 2 za juu peke yake ni lita 5 za tope, kama robo debe, na ndizo zinazochekechwa kwanza.

Chekeche la pwani huwa na matundu ya milimita 1 au nusu milimita. Vilindini tumia milimita 0.3 au chini ya hapo, kwa sababu mnyoo wa kule mara nyingi hafiki hata sentimita 1. Maji yawe ya bahari, yaliyochujwa na kupozwa. Chini kule ni nyuzi 2 hadi 4 hivi, na maji yaliyopata joto sitahani hulegeza mwili wake kabla hujamwona. Na tafadhali, hosi ikae mbali. Zamisha chekeche nusu ndani ya beseni, lizungushe polepole kama mtu anayepeta ulezi, tope litoke lenyewe. Ukimimina kwa nguvu utapata supu ya vipande, halafu utalazimika kuhesabu vichwa tu. Hiyo ndiyo kanuni ya kuhesabu, vichwa tu, la sivyo mnyoo mmoja aliyekatika mara tatu anaingia kwenye ripoti kama watatu.

Aliyefika mzima na hai mlegeze kwanza. Gramu 73 za magnesiamu kloridi ya kawaida ya fuwele katika lita moja ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari, mwache dakika 10 hadi 20. Ukimtia kwenye dawa ya kuhifadhia akiwa macho hujikunja, na koo lake, ambalo wengi wao hulisukuma nje kama soksi iliyopinduliwa, hubaki ndani pamoja na taya zake. Hutaziona bila kumpasua.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Kwa umbo: sehemu moja ya formalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji ya bahari, na boraksi ndani yake, kwa sababu formalini iliyochachuka hula mirija ya chokaa. Siku moja hadi mbili, suuza, hamishia ethanoli ya asilimia 70 au 80. Kwa vinasaba: ethanoli ya asilimia 95 au 96 tangu mwanzo, isiguse formalini kabisa, na ibadilishwe baada ya siku moja kwa kuwa mnyoo mwenyewe ana maji mengi na huizimua. Ukiwa na vielelezo vingi, gawa. Ukiwa na mmoja tu, ethanoli, na mpige picha akiwa bado na rangi, maana haitadumu.

Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya chupa. Kalamu ya wino wa kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya kifunikoni huhama na kifuniko. Andika tarehe, latitudo na longitudo, kina, chombo kilichotumika na dawa iliyotumika. Hiyo ya dawa husahaulika kila mara, na miaka kumi baadaye kuna mtu atapoteza wiki nzima akitafuta vinasaba kwenye mnyoo wa formalini.

Kwenye vinasaba kuna mtego mwingine. Katika fiodi za Sweden yuko mnyoo bapa wa ajabu, Xenoturbella bocki, aliyepewa jina mwaka 1949. Hana singa, hana pingili, hana hata njia ya haja kubwa. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba vinasaba vinamwonyesha ni ndugu wa kome. Mwaka 2003 ikabainika kuwa vinasaba vile vilikuwa vya chakula chake: alikuwa amekula jamaa wa kome, na mkata sampuli alichukua mlo pamoja na mlaji. Kwa hiyo kata kijiguu cha pembeni, kile kinachotokeza ubavuni mwa pingili, au ngozi ya ubavu, usikate tumbo. Acha kichwa na mkia bila kuguswa, kwa ajili ya atakayekuja kukupinga.

Ukifika kwenye hadubini, usianze na rangi. Anza na kichwa: papasi, yaani vipembe vya kupapasia, ni ngapi, macho yapo au hayapo. Halafu kijiguu cha pingili ya kumi hivi, kikatwe, kilazwe kwenye kioo, kitazamwe kwa ukuzaji wa mara 400 kwenda juu. Kuna singa zilizonyooka kama sindano ya kushonea, kuna zenye kiungio katikati kama kisu cha kukunja, kuna zenye ndoana mbili nchani. Mara nyingi tofauti ya spishi na spishi iko kwenye meno ya ndoana hiyo. Wale wenye magamba mgongoni, familia ya Polynoidae, huyaangusha wakisumbuliwa. Usikate tamaa, hesabu vikonyo yalikoshikilia.

Jina sasa. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinaanzia Januari 1, 1758, na toleo linalotumika, la nne, lilianza Januari 1, 2000. Spishi mpya leo inadai maelezo ya kuitofautisha, tamko la wazi kwamba ni mpya, kielelezo kimoja kilichoteuliwa kubeba jina, yaani holotaipu, na mahali kitakapohifadhiwa. Tangu 2012 chapisho la mtandaoni pekee linakubalika, ila lisajiliwe kwanza ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Jina lisilo na maelezo huitwa jina tupu, na halimfungi mtu.

Kipengele kinachowatesa Wazungu ni upatanisho wa kisarufi, na hapa sisi tuna faida. Aliyezoea kusema mti mzuri na kiti kizuri hashangai kuona jina la spishi likibadilika kufuata jenasi. Xenoturbella ni ya kike, ndiyo maana mwaka 2016 spishi mojawapo iliitwa profunda, ya kilindini; ingehamia jenasi ya kiume ingekuwa profundus. Nomino haibadiliki: mwenzake wa mwaka huo aliitwa churro, kwa kufanana na kitafunwa cha kukaanga cha Wahispania, na atabaki churro popote atakapohamishiwa. Jina la mtu huonyesha umiliki: elvisi, wa Elvis, ni mnyoo wa magamba yanayometameta kama nguo za jukwaani za mwimbaji yule, mwaka 2020; na orphanae, wa mwaka huo huo, ni kwa heshima ya mwanamke.

Na mabano si pambo. Mnyoo anayeishi kwenye barafu ya methani katika Ghuba ya Meksiko aliitwa Hesiocaeca methanicola. Leo anaandikwa Sirsoe methanicola (Desbruyères & Toulmond, 1998). Mabano yanakwambia kuwa hao ndio waliotoa jina, lakini si ndani ya jenasi hii.

Maofisa mliopo hapa, jambo linalowahusu ni hili. Kati ya Hawaii na Meksiko kuna eneo la Clarion-Clipperton linalotafutwa madini ya sakafu ya bahari. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2023 iliorodhesha spishi 5,578 za wanyama pale, na 436 tu ndizo zilizokuwa na majina rasmi. Nyingine zinaitwa "sp. 1", "sp. 2". Vitalu vyetu vya gesi vya bahari kuu, mbele ya Lindi na Mtwara, viko kwenye maji yanayozidi mita 1,000, na ripoti za tathmini zake zinasomwa katika mji huu. Mkiona "Polynoidae sp. 3" kwenye ripoti mbili, msidhani ni mnyoo mmoja. Namba hiyo ni ya maabara husika tu. Ulizeni kielelezo kiko makumbusho gani na kina namba gani. Kama hakipo, jedwali lile halilinganishiki na lingine lolote.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: je, mnyoo anaweza kupewa jina la Kigogo au la Kiswahili? Anaweza. Lugha yoyote inakubalika mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini, bila alama za ziada. Kwa hiyo ng'ombe atapoteza kibainishi na kuwa ngombe. Mahali huongezewa -ensis, au -ense kama jenasi si ya kike wala ya kiume. Na ukimwita mnyoo wa bahari jina la Dodoma, jina litasimama, kwa sababu kanuni hazikatai jina eti halifai. Watakucheka tu.

Sahani zilizo mezani ni za minyoo wa pwani wanaochimbwa kwa chambo. Anzeni na ile ya kushoto, msimtoe mnyoo kwenye ethanoli, na mtazame kwanza kama ana mkia.